Wanafunzi Hiroshima, Miyajima na kulala kwa wenyeji: panga siku ukianzia jioni

Mwalimu, nimesoma swali lako: wanafunzi 24 wa sekondari na walimu wawili, siku moja ya kutembea jiji la Hiroshima na kisiwa cha Miyajima, Japani, kwa basi la kukodi, kisha usiku walale kwa familia za kisiwa cha Suo-Oshima, mkoa wa Yamaguchi. Rasimu uliyobandika ina Bustani ya Amani, makumbusho ya bomu la atomiki yaliyo humo, ngome ya Hiroshima, Miyajima, kupanda mlima Misen, halafu kukabidhiwa kwa wenyeji saa 12 jioni. Toa ngome. Toa Misen. Vilivyobaki vinatosha, na hata hivyo vitabana.

Siku ya namna hii hupangwa kinyumenyume, kuanzia saa ya kukabidhiwa. Suo-Oshima zaidi ya nusu ya wakazi wana miaka 65 na kuendelea, kwa hiyo wenyeji wenu wengi watakuwa wazee, wakulima wa michungwa na wastaafu. Hao hula chakula cha jioni mapema, kiasi cha saa 12:30, na wamekwisha kwenda sokoni na kupika kabla hamjafika. Wote watawasubiri kwa pamoja kwenye ukumbi, kwa sababu kuna hafla fupi ya kukutanishwa: majina yanasomwa, kila familia inachukua wageni wake watatu au wanne. Mkichelewa saa moja hamumchelewi mtu mmoja, mnazichelewa familia saba. Na dereva wa basi ana kikomo cha saa za kazi kisheria, usitegemee kumbembeleza.

Hapa naandika saa za namba 24 kama wanavyoandika wao. Makabidhiano yawe 17:00. Basi lifike ukumbini 16:30, nusu saa hiyo ni ya msongamano na ya vyoo. Kutoka Miyajimaguchi, bandari ya upande wa bara, hadi Suo-Oshima tenga saa moja na nusu, kwa hiyo basi liondoke 15:00. Kivuko cha kurudi kutoka Miyajima kiwe cha 14:40 au kabla. Mkifika kisiwani 11:40 mna saa tatu. Kutoka Bustani ya Amani hadi Miyajimaguchi ni kama dakika 45, basi liondoke 10:30. Makumbusho 8:30 hadi 10:00. Sasa unaona Misen haina mahali: ule mlima una mita 535, na hata ukitumia gari la waya unakula saa mbili za kisiwani bila kuhesabu foleni.

Kuhusu saa kuna mtego unaotuhusu sisi pekee. Ratiba ya Kijapani ikiandika 8:30, mwanafunzi aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kuisoma "saa nane na nusu". Chapisha ratiba kwa namba za Kijapani tupu, usichanganye, na siku ya kwanza waambie wote wasome simu zao hivyo. Halafu kuna raha yake: Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na saa zetu za Kiswahili nazo zimepishana na namba za saa kwa sita. Matokeo yake, namba ya saa ya ukutani ya Kijapani ndiyo saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Ikionyesha 10 usiku huko, Dar ni saa kumi jioni. Ikionyesha 7 asubuhi, Dar ni saa saba usiku, mama amelala, usimpigie.

Hiroshima asubuhi

Makumbusho hufunguliwa 7:30. Saa ya kwanza ni kwa waliokata tiketi mapema mtandaoni, kwa hiyo kuingia 8:30 ni salama zaidi kwa kundi. Kiingilio ni yen 200 kwa mtu mzima, yen 100 kwa sekondari ya juu, na walio chini ya hapo hawalipi. Ukichelewa hadi 10:00, hasa Mei, Juni, Oktoba na Novemba, utakutana na shule za Kijapani zenyewe zikiwa ziarani, na jengo kuu linajaa hadi watu wanasogea kwa hatua za konokono.

Waandae kabla. Jengo kuu halina maelezo mengi ya vita. Lina nguo za watoto zilizoungua, kijibaiskeli cha magurudumu matatu cha mtoto wa miaka mitatu, saa ya mkononi iliyosimama 8:15 bomu lilipolipuka, na picha za majeruhi. Baadhi ya wanafunzi hutoka wakilia, wengine huanza utani ili kuficha. Yote mawili ni ya kawaida. Mwalimu mmoja atangulie hadi kwenye ukumbi mrefu wa madirisha baada ya maonyesho, wenye viti na mandhari ya bustani, awapokee wanaotoka mapema. Usipange chakula mara baada ya hapo.

Nje, simameni mbele ya mnara wa kumbukumbu uliobuniwa na Kenzo Tange: ukitazama ndani ya upinde wake unaona mwali wa amani na Kuba ya bomu vikiwa kwenye mstari mmoja. Kuba hiyo ilikuwa jengo la maonyesho ya biashara, kazi ya msanifu wa Kicheki Jan Letzel, lililokamilika 1915. Bomu lililipuka tarehe 6 Agosti 1945 karibu mita 600 juu, karibu wima, na ndiyo maana kuta zilibaki zimesimama wakati majengo ya jirani yalilala.

Ukitaka wanafunzi wafanye jambo badala ya kupiga picha tu, walete korongo wa karatasi kwenye Mnara wa Watoto. Mnara huo wa 1958 unamkumbuka Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka na akafa kwa saratani ya damu 1955 akiwa na miaka 12. Idadi ya desturi ni elfu moja: nyuzi 40, kila uzi korongo 25. Kwa wanafunzi 24 ni kama 42 kila mmoja. Tumia karatasi za sentimita 7.5 kila upande. Kubwa zaidi ya hapo zinakuwa furushi. Anzeni mwezi mmoja kabla, kwa sababu anayeanza hutumia dakika tano kwa ndege mmoja. Msifungue mabawa: yakikaa yamefumbwa ndege wote wanalala bapa kwenye boksi la viatu na wanasafiri bila kuvunjika. Sindano ipite tumboni itokee mgongoni, na chini kabisa ya uzi fungeni shanga au kifungo. Bila hivyo korongo wa chini hutoboka na uzi mzima unamwagika mkiwa mnatundika. Weka kibandiko chenye jina la shule na nchi. Kuna vibanda vya kioo pembeni, mnatundika humo wenyewe.

Kama mambo ya basi yakibadilika na mkalazimika kutumia usafiri wa kawaida: tangu Agosti 2025 tramu inaingia ndani ya stesheni ya Hiroshima kwenye ghorofa wanayoiandika 2F, ambayo kwetu ni ghorofa ya kwanza. Namba 2 na 6 zote zinapita Kuba. Kwenda Miyajimaguchi, namba 2 inafika bila kubadilisha lakini ni karibu saa nzima. Afadhali kushuka stesheni ya Nishi-Hiroshima na kupanda treni ya JR, kampuni ya reli. Kuna pia boti inayotoka bustanini moja kwa moja hadi kisiwani, dakika 45. Ni nzuri, ila ni zaidi ya yen 2,000 kwa mtu, na maji yakijaa sana haipiti chini ya madaraja ya mtoni. Kwa kundi, hapana.

Miyajima

Pale Miyajimaguchi kuna kampuni mbili za vivuko, zimekaa ubavu kwa ubavu. Dakika kumi, yen 200 kwenda, yen 200 kurudi, na yen 100 ya kodi ya wageni iliyoanza Oktoba 2023. Panda cha JR wakati wa kwenda: safari zake za mchana huzungukia karibu na lango kubwa jekundu la hekalu, lililo majini, na upande wa kulia ndio wenye picha. Tiketi ya kurudi ya kampuni moja haikubaliwi kwa nyingine, basi mwalimu mmoja azishike zote. Sababu nyingine ya kuzishika ni kulungu. Wanazurura huru, hawapaswi kulishwa, na wanakula karatasi: ramani, tiketi, bahasha ya pesa iliyochomoza mfuko wa nyuma. Hawafukuzwi kwa kelele. Weka karatasi ndani ya begi ufunge zipu.

Wa pwani wataelewa Miyajima kuliko wageni wengine wote, kwa sababu kisiwa kinaendeshwa na kupwa na kujaa. Maji yakizidi sentimita 250 kwenye jedwali la kupwa na kujaa, lango na hekalu la Itsukushima vinaonekana vinaelea. Yakiwa chini ya sentimita 100, mnatembea kwa miguu hadi kwenye nguzo. Siku za bamvua unaweza kupata vyote viwili kwa tofauti ya saa sita. Siku za maji mafu unaweza kukosa vyote. Jedwali la mwaka mzima linatolewa mapema, kwa hiyo kama tarehe bado inasogezeka, isogezeni kwa kuangalia mwezi wa angani. Lango la sasa ni la 1875, urefu wake kama mita 16.6, nguzo kuu ni magogo ya mti wa kafuri. Halijachimbiwa ardhini, limekaa kwa uzito wake tu, na boksi la juu limejazwa mawe kuongeza uzito huo. Ndani ya hekalu (yen 300 mtu mzima) waonyeshe mianya kati ya mbao za sakafu: maji ya dhoruba yanapanda kupitia hapo badala ya kung'oa sakafu nzima.

Maji yakiwa yamekupwa, wanafunzi watashuka matopeni, hutawazuia. Kwa hiyo kila mmoja awe na soksi safi za akiba kwenye begi la mgongoni, kwa sababu saa chache baadaye anavua viatu mlangoni kwa watu.

Chakula cha mchana hapo ni wali wa mkunga, chaza wa kuchoma, na keki ndogo za umbo la jani zenye maharage matamu ndani. Migahawa ya njia kuu haina viti 26 kwa mpigo. Wagawe vikundi vya wanne wanne, wape yen 1,500 kila mmoja, na mahali pa kukutana pawe gatini, si hekaluni. Jumla ya pesa ya mfukoni kwa siku, pamoja na viingilio na kivuko, yen 3,500 inatosha bila tabu. Zibebwe taslimu.

Mabegi

Masanduku makubwa yasifike Suo-Oshima. Wenyeji wengi wana vigari vidogo vya cc 660 vyenye namba za njano. Ukishaweka dereva na wanafunzi watatu, nyuma kuna nafasi ya mabegi ya mgongoni basi. Hoteli ya Hiroshima itawasaidia kuyatuma masanduku kwa huduma ya vifurushi hadi hoteli inayofuata, yanafika kesho yake au keshokutwa. Begi la usiku mmoja: nguo za kulala zenye heshima, soksi jozi mbili zisizo na matundu, mswaki, taulo, dawa, pasipoti. Pasipoti isiachwe kwenye sanduku. Mgeni wa miaka 16 na kuendelea anatakiwa awe nayo mwilini. Viatu viwe vya kuvaa na kuvua bila kufungua kamba, atavivua mara kumi kwa siku. Umeme ni volti 100 na plagi ya miguu miwili bapa. Chaja za simu zinakubali, pasi ya nywele iliyotoka nyumbani itapasha vuguvugu tu.

Ndani ya nyumba

Mlangoni kuna sehemu ya chini na ngazi moja. Viatu vinabaki chini, na mguu wenye soksi haukanyagi hapo chini tena. Viatu vigeuzwe ncha zielekee nje. Ndala za ndani ni za koridoni. Kwenye mikeka ya tatami zinavuliwa, unaingia na soksi. Chooni kuna ndala zake, na kosa linalowachekesha wenyeji kuliko yote ni mgeni kurudi nazo mezani. Karatasi ya choo inatupwa humohumo chooni, si kwenye kikapu. Choo chenye vitufe kina maji ya kuchambia, na watu wetu hukipenda mara moja. Wafundishe tu herufi 止, ndiyo ya kuzima, kabla hawajagusa nyingine.

Bafu ndilo linalohitaji somo la kukaa chini. Maji ya beseni ni ya familia nzima, nyuzi 40 hadi 42, na wageni mara nyingi huingia kwanza. Maana yake anayekosea anawaharibia watu watano. Utaratibu: vua nguo chumba cha nje, ingia, funga mlango. Kaa kwenye kigoda kidogo, jisugue kwa sabuni na kujisuuza kabisa hapo sakafuni, povu lote liishe. Ndipo uingie kwenye beseni, kujipasha moto tu, bila sabuni, bila taulo majini. Ukitoka, usivute kizibo. Rudisha mfuniko juu ya beseni ili joto lisipotee. Wenye rasta, nywele za kusukwa au mafuta kichwani wavae kofia ya plastiki, kwa sababu mafuta huelea na hayaondoki. Wanaokuja kwa zamu wajitahidi kutumia dakika 20. Asiyetaka beseni aoge kwa bomba tu na aseme mapema, hakuna anayekasirika. Waislamu watawadhie humohumo bafuni, sakafu yake imejengwa kwa maji. Sinki la kunawia liko kwenye sakafu ya mbao, na kuinulia mguu pale kunaacha dimbwi. Kibla ni magharibi, kikielekea kaskazini kidogo.

Kuta ni nyembamba. Simu za nyumbani zipigwe kabla ya 21:00, sauti ya chini, na video zenye spika wasahau. Kulala ni kwenye magodoro ya kutandika sakafuni: lile nene chini, shuka, blanketi juu.

Chakula na fomu

Fomu ya familia haitoshi ikiandikwa "Mwislamu" tu. Mwenyeji mwema atatoa nyama ya nguruwe na kubakiza mchuzi wake. Andika vitu kwa majina, kwa Kijapani: 豚肉 nguruwe, 酒 pombe ya kupikia, みりん kileo kitamu cha kupikia kinachoingia karibu kila mchuzi, ゼラチン jelatini. Halafu andika kiwango: je, sufuria iliyopikiwa kitimoto jana ni tatizo au si tatizo? Wanafunzi wenyewe hutofautiana, waulize mmoja mmoja na uandike anachoishi nacho kweli. Okonomiyaki ya Hiroshima, ule mlundo wa unga, kabichi na tambi, kwa kawaida ina vipande vya nyama ya nguruwe. Inaweza kupikwa kwa ngisi na kamba, lakini juu ya bamba lilelile.

Mzio uandikwe kwa wino mwekundu, hasa karanga, kamba, mayai na soba, yaani tambi za unga wa mbegu za buckwheat ambazo wengi wetu hawajawahi kula na hawajui kama zinawadhuru. Samaki si shida kisiwani hapo. Supu nyingi huchemshwa kwa iriko, samaki wadogo wakavu ambao mtu wa Mwanza au Kilwa atawaita dagaa bila kuuliza, na kipindi cha baridi kuna chungu cha samaki kinachoelea machungwa mazima. Mwanafunzi asiyependa kitu aonje kidogo aseme "onaka ippai desu", nimeshiba. Kabla ya kula "itadakimasu", baada "gochisosama deshita". Kuingia nyumbani mara ya kwanza "ojama shimasu", kurudi kutoka nje "tadaima". Hayo matano yanafanya kazi kuliko programu ya kutafsiri, ingawa nayo ipakueni Kijapani cha nje ya mtandao mapema. Idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo mafupi ya Kijapani ya bure, wiki mbili za kusikiliza zinatosha.

Zawadi

Moja kwa familia, si kwa kila mwanafunzi. Kahawa ya Kilimanjaro inajulikana Japani kwa jina hilohilo. Peleka gramu 250 iliyokaangwa, kwa sababu mbichi lazima ipitishwe kwenye ukaguzi wa mimea. Kanga moja iliyokunjwa vizuri ni nyepesi na inatumika. Maembe, nyama kavu na soseji visiingie kwenye sanduku hata kwa bahati mbaya: forodha inavichukua, na kwa nyama kuna adhabu kali kisheria. Zawadi itolewe mkishakaa sebuleni, kwa mikono miwili, si pale mlangoni watu wakiwa wanavua viatu.

Asubuhi ya kuondoka

Vua shuka na foronya, zikunje pembeni, magodoro yakunjwe mara tatu. Usiyarudishe kabatini; mwenyeji hutaka kuyaanika kwanza. Chupa za plastiki zitolewe kifuniko na lebo, vinakwenda mapipa tofauti. Mwalimu awe na orodha ya namba za simu za familia zote, na kila mwanafunzi awe na kikaratasi chenye anwani ya mwenyeji kwa Kijapani na namba 119 ya gari la wagonjwa, 110 ya polisi. Barua za shukrani waandike ndani ya basi siku hiyohiyo, kabla hawajasahau majina, na picha moja iliyochapishwa iingie kwenye kila bahasha. Wazee hawa wengi hawana barua pepe.

Ukishapata tarehe kamili iweke hapa, tuangalie jedwali la maji na kama hekalu mtalikuta linaelea au limekaa mchangani, maana hilo likiwa baya bado unaweza kugeuza Miyajima ikawa asubuhi na makumbusho mchana, ila basi litaondoka mjini 14:15 badala ya bandarini 15:00.